Vitabu vya bahari kwa watoto wanaoijua bahari

SWALI

Ndugu washauri, salaam.

Nafundisha chekechea hapa Pangani. Darasa lina watoto 38, wa miaka mitatu hadi sita, wengi wao wa wavuvi au wa akina mama wanaouza samaki wa kukaanga. Muhula ujao mada yetu ni bahari. Kamati ya wazazi imenipa shilingi laki mbili za vitabu vya picha, lakini wanataka kuviona kabla watoto hawajasomewa.

Kabatini nina boksi la vitabu vya msaada, vyote vya Kiingereza. Nilijaribu vitatu. Cha kwanza, dubu mweupe na pengwini wanacheza mpira juu ya barafu. Watoto wakaniuliza hiyo bahari iko wapi. Cha pili kina papa anayemeza kila anayekutana naye, na tangu siku hiyo mtoto mmoja wa miaka minne hataki kukanyaga maji. Bibi yake alinijia juu mpaka darasani. Cha tatu kilikuwa cha kupendeza, ukikifungua picha zinasimama, ila baada ya siku mbili pweza alikuwa amebaki kichwa tu.

Sasa nauliza: hiyo laki mbili ninunulie nini? Vya Kiingereza niviache, au niwe natafsiri huku nasoma? Vitabu ambavyo samaki wanaongea vina ubaya? Wa miaka mitatu na wa sita wanaweza kusomewa kitabu kimoja? Na mwisho, vitabu vyetu vinaota ukungu na pini zake zinashika kutu kabla hata havijachakaa. Nifanyeje?

Mwalimu wa chekechea, Pangani

JIBU

Mwalimu, kabla hujaigusa hiyo laki mbili, toa vitabu vyote kwenye boksi ukae navyo na penseli. Vitabu vya bahari vya watoto wadogo hukosea palepale kila mara, na ukishapajua, kitabu cha kurasa 24 hakikuchukui zaidi ya dakika tano.

Anza kwa kuhesabu viungo. Pweza ana mikono minane. Ngisi ana minane na mingine miwili mirefu ya kunasia. Kaa ana miguu kumi ukihesabu na magando. Wachoraji hupunguza ili picha isibanane, na kitabu cha kuhesabia kikisema "minane" huku pweza amechorwa na mikono sita, kimeshindwa kazi yake yenyewe. Kisha tazama mkia. Wa samaki umesimama wima na hupiga kushoto na kulia. Wa nyangumi na pomboo umelala, hupiga juu na chini. Mchoraji aliyempa nyangumi mkia wa samaki amechora kwa kukisia, na kwa kawaida hakukisia hapo tu. Ile chemchemi inayoruka kichwani mwa nyangumi isikusumbue sana: ni pumzi yake, mvuke na matone, wala si maji aliyomeza, nawe utaisahihisha kwa sentensi moja ukifika hapo.

Kaa na kamba wekundu wa kung'aa wanaotembea chini ya bahari, hao wengi wao wameshapikwa. Moto ndio unaoiachia rangi nyekundu iliyokuwa imejificha kwenye gamba; kaa wa mikoko akiwa hai ni wa kijani kilichofifia au hudhurungi. Wapo kaa wekundu wakiwa hai, lakini watoto wako wamemwona kaa akiingia sufuriani na wamemwona akitoka, kwa hiyo hili watalikamata kabla yako. Kasa naye hawezi kuficha kichwa wala mapezi yake ndani ya gamba. Akichorwa amejificha, huyo ni kobe aliyetupwa majini.

Kuhusu dubu na pengwini, watoto waliuliza swali la haki. Dubu mweupe anaishi upande wa kaskazini mwa dunia na pengwini wapo kusini. Hawakutani popote isipokuwa kwenye bustani za wanyama. Kitabu hicho kiweke pembeni mpaka mada iwe baridi na barafu. Kwa mada ya bahari, watoto wanaoishi kando ya bahari hawahitaji kuanza na bahari wasiyoweza kuifikia.

Kosa gumu kulikamata limo kwenye hadithi yenyewe. Hadithi nyingi za kasa zina mama anayewatafuta wanawe, au anawaongoza kwenda majini kama kuku na vifaranga. Kasa jike hutaga mayai mia moja hivi shimoni, hufukia, hurudi baharini, na ndiyo kwaheri. Yanaanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Vitoto hutoka usiku vyenyewe na kufuata upande wenye mwanga zaidi, ndiyo maana taa za ufukweni huvipoteza njia. Kwenu Pangani jambo hili liko karibu kabisa: mayai yanayotagwa kisiwani Maziwe huhamishiwa Ushongo, kwa sababu maji yakijaa kisiwa kinafunikwa. Bila shaka mmoja wa wazazi wako anaweza kulieleza kuliko kitabu chochote.

Ukitaka hadithi ya mama na mtoto iliyo ya kweli, chukua nyangumi au pomboo. Wananyonyesha, na mtoto huogelea ubavuni mwa mama yake. Nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu kati ya Julai na Septemba hivi, wengine wakiwa na ndama. Ukitaka baba, yupo farasi wa baharini: dume ndiye anayebeba mayai mfukoni mwake mpaka yaanguliwe. Pweza jike hulinda mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Hiyo ni kweli pia, lakini waachie darasa la tatu.

Samaki wanaoongea? Katika ngano waongee tu. Sungura na fisi wameongea tangu enzi za mababu na hatujasikia mtoto aliyedhurika. Shida ni kitabu kinachodai kufundisha maisha ya baharini huku viumbe vyake vimevaa kofia na kupika chai. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadi mitano vitabu kuhusu wanyama wasiowajua. Wanyama walipozungumziwa kama watu, watoto walielekea zaidi kuwapa wanyama wa kweli tabia za kibinadamu, na hata kushika mambo ya kweli kulipungua. Neno la kuzingatia hapo ni "wasiowajua". Mtoto wa Pangani anamjua kaa, pweza na dagaa. Akisikia kaa anaongea, anajua ni mchezo. Nguva, papa potwe au silikanti, yule samaki wa vilindini, hajawahi kumwona, na kitabu huenda ndiyo mara yake ya kwanza kumjua. Kwa hao chagua kitabu cha kweli kwanza, chenye picha za kamera au michoro makini, na ngano ije baadaye. Katika vitabu vinne, ngano moja inatosha.

Sasa papa. Usimwondoe darasani, na usilete yule papa mpole anayekula mwani. Watoto wa wavuvi watakucheka. Tazama jinsi alivyochorwa. Mtoto wako wa miaka minne pengine anamwona papa mnadani kila wiki na hamkimbii. Kinachotisha watoto wa umri huo aghalabu ni ule ukurasa ambao papa amegeuka kumkabili msomaji, mdomo wazi, meno yamejaa karatasi nzima. Kwa walio chini ya miaka mitano ruka kitabu chenye picha hiyo. Kwa huyo aliyeingiwa na hofu, usimlazimishe kukiona tena wala usimtanie. Mletee papa potwe. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kuzidi mita kumi, ana madoa meupe mgongoni, na chakula chake ni viumbe vidogo mno na visamaki anavyovichuja majini. Huonekana Mafia hasa kati ya Oktoba na Februari. Mwache mtoto ashike kitabu mwenyewe na kufungua kurasa mwenyewe, mchana, siyo kabla ya kulala.

Wala usihamie upande wa pili ukachagua vitabu ambavyo kila kiumbe ni cha kukumbatiwa. Bunju ana sumu. Konyeza anawasha. Wapo konokono wa baharini wenye gamba la umbo la koni, zuri la kuvutia, na mchomo wao unaweza kuua. Kitabu kinachomwambia mtoto "okota, weka mfukoni" kwenye kila ukurasa hakikuandikwa kwa ajili ya watoto wanaoshuka pwani peke yao. Penye ukurasa kama huo andika sentensi yako: tunatazama, hatushiki.

Hilo la bibi lina upande mwingine. Katika darasa la watoto 38 wa wavuvi huenda yupo ambaye baba au mjomba alizama. Soma kila kitabu mpaka mwisho ukiwa peke yako. Kikiwa na dhoruba, chombo kinachopinduka au mtu asiyerudi, ulizia kwanza nyumbani kwa mtoto husika. Kitabu cha namna hiyo kinaweza kumfaa mtoto, ila siyo kwa kumshtukiza mbele ya wenzake.

Kuhusu umri, usiwasomee wote kwa mkupuo. Wa miaka mitatu na minne wape kitabu cha kurasa 12 hadi 16, sentensi moja kwa ukurasa, kiumbe kimoja kikubwa katika kila picha. Wa mitano na sita wanaweza kurasa 24 hadi 32, sentensi mbili au tatu, na hadithi yenye jambo linalohitaji kutatuliwa. Vikundi vya watoto 10 hadi 12 katika nusu duara, dakika kumi, basi. Kitabu kimoja kisomwe siku tatu mfululizo: siku ya kwanza tazameni picha na kutaja mnachokiona, ya pili soma moja kwa moja, ya tatu waachie wao wamalizie sentensi.

Kabla ya kununua, kifungue kitabu juu ya kiti, rudi nyuma hatua nne, utazame. Vitabu vya bahari vina ugonjwa wao: samaki wa buluu juu ya maji ya buluu iliyokolea. Dukani chini ya taa picha inang'aa, lakini katika darasa lenye dirisha moja, mtoto wa mstari wa nyuma anaona karatasi nyeusi. Ukishindwa kutaja kiumbe ukiwa hatua nne, kirudishe. Karatasi inayong'aa sana nayo hurudisha mwanga wa dirishani machoni mwa watoto. Kisha kifungue katikati ukibonyeze kidogo. Kilichogundishwa tu mgongoni kitalia na kuanza kuachia kurasa. Kilichoshonwa kwa uzi kitalala wazi.

Vya picha zinazosimama usivinunue kwa darasa. Si kwa sababu ya kuraruka tu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitatu walijifunza kidogo zaidi katika vitabu vya aina hiyo kuliko katika vile vya picha za kawaida: mikono inacheza, jina la mnyama linapita. Vyenye vitufe vya sauti ndiyo kabisa usivilete. Ndani mwake mna betri bapa kama za saa, na ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili.

Vya Kiingereza usivitupe. Vyenye mistari ya vina viweke kando, kwani ukivigeuza Kiswahili hubaki maneno matupu. Vyenye sentensi moja au mbili kwa ukurasa vinafaa, ila usitafsiri huku unasoma. Leo utasema hivi, kesho vile, na mtoto wa miaka mitatu anataka maneno yaleyale ya jana, ndivyo anavyojifunza. Andika Kiswahili kwenye vipande vya karatasi, maneno yasizidi kumi na mawili, ubandike juu ya Kiingereza. Samaki waite majina ya kwenu: changu, tasi, pono, chewa. "Samaki mwekundu" na "samaki mwenye mdomo" ni majina ya mtu asiyefika sokoni. Huyo pono mwambie mtoto anachofanya: anatafuna matumbawe kwa mdomo wake mgumu na kuyatoa yakiwa mchanga. Watasimulia hilo nyumbani wiki nzima.

Angalia pia ufukwe wenyewe. Katika vitabu vingi vya Ulaya maji hayaondoki, yapo palepale kutoka jalada hadi jalada. Kwenu wakati wa bamvua maji hupwa mbali, wanawake wakatoka kuchokoa pweza na kutanda dagaa. Kitabu chenye maji kupwa, ngalawa yenye mirengu pande mbili na mwanamke aliyefunga kanga kiunoni ni adimu, lakini ukikipata kinunue hata kama michoro yake si ya kifahari.

Sasa fedha. Nusu yake nunua vitabu vya Kiswahili vya wachapishaji wa hapa nchini, na badala ya vitabu kumi tofauti chukua vichache, kopi tatu tatu, ili watoto wapate kuvirudia wenyewe wakati wa kucheza. Dukani soma ukurasa mmoja kwa sauti. Ukikuta "samaki inaogelea" au "papa inakula", kirudishe rafuni. Mhariri hakukipitia, na wewe ndiye utakayerekebisha ngeli za watoto 38.

Robo nyingine tumia kuchapa. African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za Kiswahili mtandaoni zenye leseni huria, maana yake unaruhusiwa kuzichapa na kuzigawa bila kulipa, mradi jina la mwandishi na la mchoraji libaki. Usichague kwa jalada, maana ubora wa tafsiri unatofautiana sana. Peleka steshenari, chapa kwa A3, upande mmoja tu, karatasi ya gramu 160 au zaidi. Nyembamba huonyesha wino wa upande wa pili na hujikunja kwa unyevu.

Robo iliyobaki ni ya kitabu ambacho hakiuzwi popote: mnada wenu wa samaki. Nunua manila sita za rangi nyepesi, kata kila moja katikati upate kurasa 12. Wapeleke watoto mnadani kwa vikundi, kila kikundi kichore kiumbe kimoja, nawe andika chini sentensi waliyoisema wao kwa herufi za urefu wa sentimita tatu. Acha pambizo ya sentimita nne kushoto. Toboa matundu matatu sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, ukiwa umebandika selotepu pande zote mbili kabla ya kutoboa, la sivyo karatasi itachanika wiki ya kwanza. Shona kwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Jalada ni kipande cha boksi gumu. Ukurasa mmoja mpe silikanti, ambaye wanasayansi walidhani alitoweka zamani za kale mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mkoa wenu wa Tanga una hifadhi ya bahari yenye jina lake tangu 2009.

Uzi huohuo ndio dawa ya kutu. Vitabu vyembamba vilivyobanwa kwa stepla vinasue pini kwa ncha ya kisu, zitoe, ushone kwenye matundu yaleyale. Fanya hivyo vikiwa vipya; kutu ikishaingia, karatasi inakatika yenyewe. Ukungu unatokana na hewa iliyotuama. Sogeza kabati sentimita tano kutoka ukutani, visimamishe vitabu bila kuvibana, na usivifunge ndani ya mifuko ya nailoni, kwa sababu unyevu uliomo hubaki humohumo. Wakati wa masika vitoe mara moja kwa wiki, uvifungue kivulini penye upepo. Juani hapana, jalada litapinda na rangi zitafifia. Chenye ukungu tayari kipanguse nje kwa kitambaa kikavu, watoto wakiwa mbali, na ukiwa umefunika pua.

Siku ya kamati peleka vitabu viwili mezani, kilichopita na kilichoanguka, pamoja na manila tupu. Waombe wazazi wavuvi wahesabu viungo na mapezi kabla hujawaeleza chochote, na majina ya samaki watakayoyataja uyaandike papo hapo. Hayo ndiyo utakayoyabandika juu ya Kiingereza.